Ratili 45 za kijana anayeanza zinatoka wapi?

Bwana Mhariri,

Msomaji wenu mmoja amewashauri vijana wanaotafuta upinde mrefu wa mti wasishuke chini ya ratili 45 za nguvu ya kuuvuta, eti wajukuu wa Mbidi Kiluwe, yule mwindaji wa masimulizi ya Waluba, hawavuti upinde wa kitoto. Nilicheka, kisha bega la kulia likanikumbusha kwamba na mimi nilishauriwa hivyo hivyo.

Mimi ni seremala hapa Katuba, nina miaka 61. Upinde wangu wa kwanza niliuziwa dola 90 na kijana aliyeupitisha mpakani Kasumbalesa akitokea Afrika Kusini. Mti mtupu, vanishi inang'aa kama meza ya harusi. Ubavuni pameandikwa ratili 40 kwa inchi 28, yaani nguvu ya kuuvuta mpaka inchi 28. Baada ya wiki mbili nikawa siwezi kuinua randa. Ndipo nilipoupeleka soko la Kenya, ile komini ya hapa Lubumbashi, kwa jirani yangu anayeuza samaki wakavu. Mzani wake wa ndoano unaning'inia kwenye boriti. Tukapachika upote, yaani ile kamba, kwenye ndoano, nikashika mpini na kuvuta chini polepole mpaka tepu ikasoma inchi 28. Kilo 23. Hizo ni ratili 50 na ushei! Mama yule akaniuliza, "Papa, fimbo hii unaivuta upate nini?" Sikuwa na jibu.

Kabla hujatoa dola, tanua mikono, mtu akupime toka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, kisha gawa kwa 2.5, upate umbali unaovuta wewe. Mimi ni sentimita 168, nikapata 67, yaani kama inchi 26 na nusu. Nikivuta hapo sifikii zile 28 zilizoandikwa, na kila inchi inayopungua inaondoa ratili mbili au tatu. Mtu mzima anayeanza, 25 hadi 35 zinamtosha kabisa.

Najua nitaletewa habari ya Mary Rose, meli ya kivita ya Uingereza iliyozama 1545, ambamo wapiga mbizi walitoa pinde nzima zaidi ya 130. Wataalamu wanakadiria nyingi zilivuka ratili 100. Sawa. Lakini wenye pinde zile walianza kuvuta tangu utotoni. Wewe unatoka ofisini saa kumi.

Uzito ukikuzidi unaweza kupumzisha bega. Mti mbaya hauna dawa, na hapo ndipo nilipojiaibisha. Mguu wa kiti siuchongi kwenye ubao ambao nyuzi zake zinatokea pembeni. Hata mtoto anayefagia karakana yangu analijua hilo. Kwenye upinde nikatazama vanishi. Mwezi wa nane, kiangazi kimekausha kila kitu, milango ya kabati inalegea yenyewe, nikavuta mara ya tatu asubuhi hiyo, ukapasuka. Nusu ya juu, shibiri moja kutoka mpini, palepale nyuzi zilipokatikia. Kipande kilipita karibu na sikio.

Mti ukikauka kupita kiasi huvunjika kama mkate wa juzi. Mvua zikija hunywa unyevu ukalegea. Kwa mwenye pesa kidogo hapa Lubumbashi, nasema achukue wa matabaka ya mti uliofunikwa faiba (nyuzi za kioo) mbele na nyuma. Hauna uzuri wa mti mtupu, nakubali, lakini Julai na Januari haubadiliki sana.

Ukiwa wa mtumba, vua upote uutazame kwa urefu kama unavyokagua ubao uliopinda. Upitishie pamba, ikinasa, pana ufa. Uliza pia upote umetengenezwa kwa nini, maana upinde wa zamani ambao ncha zake hazikuimarishwa unataka Dacron, kamba inayonyumbuka kidogo. Kamba za kisasa zisizonyumbuka zinaweza kuzipasua. Na muuzaji akiuvuta na kuuachia bila mshale ili akuonyeshe nguvu zake, rudi nyumbani na pesa yako.

Weka akiba ya mishale. Mimi nilipewa sita ya kaboni bure, yote ikawa inakwenda kushoto, nikadhani ni macho ya uzee. Kumbe ilikuwa migumu mno: haikupinda vya kutosha kuuzunguka mpini, na kwa anayevuta kwa mkono wa kulia mshale wa namna hiyo huangukia kushoto. Sasa natumia ya mti, ambayo ndiyo inayotakiwa kwa kundi la upinde mrefu kwenye mashindano ya World Archery, shirikisho la dunia la mchezo huu, si kwamba nitafika huko. Upinde wangu wa sasa ni ratili 30. Nalenga gunia la matambaa mbele ya kichuguu nyuma ya parsela, yaani kiwanja changu. Bila gunia, udongo ule wa kiangazi unamaliza mishale yote kabla ya saa sita.

Ule uliopasuka nimeutundika karakana. Mwandishi wa ile barua aje aone nyuzi zilivyotokea pembeni, na wake aje nao. Mzani tutauazima sokoni.

Seremala wa Katuba, Lubumbashi