Maji yakipita juu ya shamba, usikimbilie mbolea ya kukuzia

Msimu ukikaribia, wateja wengi wanaofika dukani kwetu hapa Kongwa huulizia mbolea ya kukuzia. Sisi huanza na swali jingine: mvua ikinyesha, maji yanazama au yanapita? Wengi hujibu yanapita. Basi udongo umechoka. Umeshaishiwa mboji, na mvua kubwa ya kwanza ikiupiga unajifunga gamba juu.

Ugumu wa udongo wa huku si jambo geni. Waingereza walipoleta mradi wa karanga mwaka 1947, walikuja na matrekta, lakini kiangazi ardhi ilikauka ikawa ngumu hata kuzing'oa karanga ikawa shida. Mwaka 1951 mradi ukafutwa.

Kabla hujatoa hata shilingi, pima mwenyewe. Chukua kibonge kikavu cha udongo, kisizidi punje ya karanga, ukitumbukize taratibu kwenye glasi ya maji. Usikoroge. Kikikaa kizima dakika tano, uko vizuri. Kikisambaratika hapo hapo, hakina gundi. Gundi hiyo hutengenezwa na vijidudu na nyuzi za kuvu wanapokula mboji. Usipowalisha, hawafanyi kazi. Ila maji yakigeuka meupe kama maziwa na yasitulie hata baada ya saa kadhaa, huenda udongo una magadi. Hapo usinunue kitu, njoo tuzungumze kwanza.

Sasa, kosa tunaloliona sana ni mtu kununua kirikuu kimoja cha samadi na kukitawanya ekari nzima. Inapotea tu. Afadhali uchimbe mashimo ya Chololo, yaliyopewa jina la kijiji cha hapa hapa Dodoma: upana sentimita 22, kina 30, sentimita 60 kati ya shimo na shimo, 90 kati ya mistari. Ekari moja inaingia mashimo kama 7,500. Weka nusu kilo ya samadi kila shimo, jumla inakaribia tani nne. Kama mfuko hauruhusu, anza na robo ekari. Tutauza kidogo, ndiyo, lakini mahindi yako yatasimama mvua ikikatika wiki mbili.

Samadi iwe imeiva. Mbichi huunguza mche na kuleta magugu. Mabua makavu nayo usiyafukie karibu na kupanda, maana yakianza kuoza hunyang'anya naitrojeni na mahindi yanageuka njano. Yatandaze juu yazuie matone ya mvua, kama mifugo ya jirani itakuachia.

Gamba halitaisha msimu mmoja. Mashimo yale yale yatumie tena mwaka unaofuata, ukiongeza samadi kidogo.

Samadi iliyoiva tunauza kwa kiroba, kwa kirikuu na kwa tripu ya Fuso. Mvua za huku huanza kati ya mwisho wa Novemba na Desemba, kwa hiyo anza kuchimba Septemba. Ukisubiri Novemba, vibarua wote watakuwa kwenye mashamba yao.