Mawe ya Mpaka wa Beverley

Mpendwa Kadzo,

Salamu nyingi kutoka Hull, huku Uingereza; sisi hatujambo, ila baridi. Nimechelewa kukuandikia, lakini habari ya kijana wa Mzee Charo, kukimbilia kanisani huku umati ukimfuata, haijanitoka moyoni.

Karibu na hapa kuna mji wa Beverley, ambao kanisa lake kuu liliwahifadhi waliokimbia sheria na visasi katika enzi za kati, kwa haki inayosimuliwa kuwa ilitolewa na Mfalme Athelstan katika karne ya 10. Usalama huo haukuanzia mlangoni. Misalaba ya mawe ilisimikwa kando ya barabara zinazoingia mjini, yapata maili moja kutoka kanisani, na yeyote aliyemkamata mtoro aliyekwisha kuipita alitozwa faini, nayo ilizidi kupanda kadiri mtoro alivyokuwa karibu na madhabahu, hadi kwenye kiti cha mawe kilichomo humo mpaka leo: aliyemng'oa mtu hapo, hapakuwa na fedha yoyote iliyoweza kufidia kosa lake.

Nilikwenda kuutazama msalaba wa barabara ya Walkington. Kimebaki kisiki cha jiwe kilicholiwa na mvua, mikono yake haipo tena, na magari yanapita kwa kasi. Niliumia, kwa sababu pale ndipo mtu aliyekata tamaa alipoanza kuwa na haki. Mapadri walimpa chakula na kujaribu kumpatanisha na waliomdai. Aliyetaka kubaki mjini aliapa kutobeba silaha dhidi ya amani ya mfalme na kusaidia kuzima moto ukizuka. Naam, wauaji pia walinufaika, na Mfalme Henry VIII aliibana haki hiyo mwaka 1540, kabla ya sheria ya mwaka 1624 kuifuta. Hata hivyo, naona waliosimika mawe yale walielewa kuwa hasira ya watu huhitaji kuzuiwa mapema, njiani, kabla haijafika mlangoni.

Sasa niambie: umati ule ulisimama wapi hasa, langoni au uani? Nani aliyefunga mlango? Je, kijana amefikishwa polisi salama, na Mzee Charo anaendeleaje? Na hapo Rabai, ambapo watumwa watoro walikimbilia misheni katika karne ya 19, wazee wanakumbuka mpaka wa usalama wao ulianzia wapi? Tafadhali waulize, uniandikie mapema.

Rafiki yako,
Salma