Cheti cha wasichana wa Karlsruhe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nisahihishe kauli iliyomo katika makala mliyoichapa hivi karibuni kuhusu elimu ya wasichana, kwamba Ujerumani ilikwishalimaliza suala hilo zamani, na kwamba serikali yake ndiyo iliyowafungulia wasichana milango ya sekondari kwa hiari yake kadiri viwanda vilivyokua. Nimefundisha historia miaka mingi na nimeikuta kauli hiyo mara nyingi, vitabuni na midomoni mwa watu. Historia ya shule moja tu, iliyofunguliwa mjini Karlsruhe tarehe 16 Septemba 1893 na ambayo leo inaitwa Lessing-Gymnasium, inatosha kuonyesha kwamba mambo yalikwenda kinyume. Shule hiyo ilianzishwa na chama cha wanawake, ikaanza kuwaandaa wasichana kwa mtihani ambao wakati huo haukuwapa haki ya kuandikishwa katika chuo kikuu hata kimoja cha nchi yao, na serikali ikaja kufuata nyuma.

Msomaji asidhani kwamba kabla ya hapo wasichana wa Kijerumani hawakuwa na shule. Familia zenye uwezo ziliwapeleka binti zao katika zile zilizoitwa shule za juu za wasichana, ambako walikaa hadi umri wa miaka 15 au 16 wakifundishwa Kifaransa, fasihi, dini, muziki na ushonaji. Kilatini na Kigiriki, ambavyo mvulana hakuweza kuingia chuo kikuu bila kuvijua, havikuwamo katika ratiba yao, na hisabati haikuvuka sana hesabu za matumizi ya nyumbani. Zaidi ya yote, shule hizo hazikuwa na Abitur, yaani mtihani wa kuhitimu ambao ndio ufunguo wa chuo kikuu. Mwaka 1872 walimu wa shule hizo walikutana Weimar na kueleza kwa maandishi kwa nini mwanamke aelimishwe: ili mume wa Kijerumani asichoshwe nyumbani kwake na ufinyu wa mawazo ya mkewe. Kila ninapoisoma hoja hiyo nasikitika, kwa sababu haikutolewa na maadui wa elimu ya wasichana, bali na watu waliojiona kuwa watetezi wake.

Aliyekataa kabisa msingi huo ni Hedwig Kettler, mwanamke aliyezaliwa mwaka 1851 ambaye hakuwa na cheo chochote serikalini. Mwaka 1888, Weimar hiyo hiyo, yeye na wenzake walianzisha chama kilichodai kwamba wasichana wasome masomo yale yale wanayosoma wavulana, kwa miaka ile ile, na wafanye mtihani ule ule. Dai hilo lilionekana limepita kiasi hata kwa baadhi ya wanawake waliokuwa upande wake. Helene Lange, mwalimu maarufu wa Berlin aliyeheshimika kuliko Kettler, na ambaye heshima hiyo aliistahili, alichagua njia ya kuwapokea wasichana waliokwisha kumaliza shule zao za kawaida na kuwapa kozi za kuwaandaa kwa Abitur. Wanafunzi wake sita wa kwanza walifaulu mwaka 1896, wakiwa watahiniwa wa nje katika shule ya wavulana. Hayo yalikuwa mafanikio makubwa, na sipendi kuyapunguza. Hata hivyo naona Kettler ndiye aliyelielewa jambo hili kwa undani zaidi. Kozi ya ziada inamtaka msichana awe wa pekee, mwenye bidii ya kufidia miaka aliyopotezewa, ilhali shule inamchukua akiwa na miaka kama 12 na kumpa muda uleule anaopewa kaka yake, awe hodari au wa kawaida.

Kwa nini Karlsruhe? Prussia, dola kubwa kuliko zote ndani ya Milki ya Ujerumani, haikuwa tayari. Elimu ilikuwa mikononi mwa kila dola, si ya milki nzima, na chama cha Kettler kilipeleka maombi yake huku na huku mpaka Baden, dola ndogo ya kusini magharibi yenye siasa za kiliberali, ikatoa kibali. Kibali tu, Ndugu Mhariri. Mzigo wa kuianzisha shule ulibaki kwa chama na kwa wazazi. Wakati huohuo pwani yetu ilikuwa tayari chini ya serikali ya Kijerumani tangu mwaka 1891, na wako wasomaji wanaodhani kwamba waliokuja kututawala walitoka katika nchi ambayo dada zao walikuwa wamesoma kama wao. Mwaka 1893 dada zao hao ndio kwanza walikuwa wanafungua daftari la Kilatini, tena katika mji mmoja. Miaka michache baadaye jiji la Karlsruhe liliichukua shule hiyo chini ya usimamizi wake.

Mwaka 1899 wasichana wanne walifanya Abitur na kufaulu. Mmoja wao alikuwa Rahel Goitein, binti wa rabi wa mji huo, na ndiye aliyesimama kutoa hotuba ya wahitimu. Mwingine alikuwa Johanna Kappes, na kisa chake kinastahili kuangaliwa kwa karibu. Kappes alikwenda katika chuo kikuu cha Freiburg, humohumo Baden, kusomea udaktari na akapokewa kama walivyopokewa wanawake wote wakati huo, yaani kama msikilizaji: aliruhusiwa kukaa darasani iwapo profesa mwenyewe ameridhia, lakini jina lake halikuwa katika daftari la wanafunzi. Akaandika ombi la kuandikishwa. Hoja yake haikuhitaji maneno mengi, kwani alikuwa na cheti kilekile alichokuwa nacho kila kijana wa kiume aliyeketi karibu naye, kilichotolewa kwa idhini ya serikali ileile. Tarehe 28 Februari 1900 wizara ya Baden ilitoa waraka ulioruhusu wanawake wenye Abitur kuandikishwa katika vyuo vikuu vya Heidelberg na Freiburg, kwa kuwajaribu kwanza, kama waraka wenyewe ulivyosema. Kappes na wenzake wachache waliandikishwa kuanzia muhula wa baridi uliokuwa unakwisha, kwa hiyo miezi waliyokwisha kusoma kama wasikilizaji ikahesabiwa.

Hapo ndipo ninapotaka wasomaji watulie. Serikali haikuandika waraka kwanza kisha wasichana wakaenda shule. Wasichana walisoma miaka sita wakielekea kwenye mlango uliofungwa, na wazazi wao wakalipa karo miaka sita bila ahadi ya mtu, hata ilipofika siku ya kuonyesha vyeti serikali ikakosa sababu ya kuukataa mtihani wake yenyewe. Mwaka huohuo wa 1899 shule ya namna hiyo ilifunguliwa Stuttgart. Bavaria iliruhusu wanawake waandikishwe vyuoni mwaka 1903, Württemberg 1904, na Prussia ikaja kukubali mwaka 1908, miaka 15 tangu siku ile ya Septemba.

Yaliyofuata baadaye si ya kupanda tu. Walimu wa kike waliofundisha wasichana hao walipaswa kuacha kazi wakiolewa, na sharti hilo, ingawa katiba ya mwaka 1919 ililifuta, lilirudishwa na kudumu katika eneo la Baden hadi miaka ya 1950. Utawala wa Hitler ulipoingia mwaka 1933 uliweka kikomo cha wanafunzi Wayahudi katika shule na vyuo, kisha ukaamuru wanawake wasizidi asilimia 10 ya wanaoanza chuo kikuu. Mabadiliko ya shule ya mwaka 1938 yaliwawekea wasichana mkondo wa maarifa ya nyumbani wenye cheti chake, ambacho hakikuwa na uzito sawa na Abitur nyingine mbele ya vyuo vikuu. Watawala hao walijua wanachokigusa. Hawakuwa na haja ya kufunga shule za wasichana. Ilitosha kukitenganisha cheti cha msichana na cha mvulana, na kazi ya Kettler ikawa imefumuliwa. Rahel Goitein, ambaye kwa jina la ndoa aliitwa Rahel Straus na alikuwa daktari mwenye kliniki yake München, aliondoka mwaka 1933 na watoto wake kwenda Palestina baada ya kufiwa na mumewe. Alifariki Jerusalem mwaka 1963. Wayahudi wa Baden waliobaki walikamatwa tarehe 22 Oktoba 1940 na kusafirishwa hadi kambi ya Gurs, kusini mwa Ufaransa.

Tangu miaka ya 1970 shule ya Karlsruhe imepokea wavulana pia, na sina kinyongo na hilo, maana waanzilishi wake walidai usawa wa elimu. Kuwatenga wasichana ilikuwa njia tu, kwa kuwa shule za wavulana hazikuwapokea. Ninachoomba ni kwamba gazeti lenu liwaeleze wasomaji kwamba elimu ya sekondari ya wasichana wa Ujerumani inayoishia katika mtihani sawa na wa wavulana ilianza mwaka 1893, kwamba ilianzishwa na chama cha wanawake kilichoongozwa na Hedwig Kettler, na kwamba hadi tarehe 28 Februari 1900 hapakuwa na chuo kikuu cha Ujerumani kilicholazimika kukiheshimu cheti chao.

Wako katika elimu,
Mwalimu mstaafu wa historia,
Morogoro