Barua ya wazi kwa Waziri wa Sheria wa Kongo: nani alimpa Ntaganda ujenerali?

Mheshimiwa Waziri,

Wengi wanadhani habari ya Bosco Ntaganda, mbabe wa kivita wa mashariki mwa nchi yetu, imekwisha. Mwaka 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) ilimfunga miaka 30 kwa makosa 18 ya uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya binadamu, na mwaka 2021 rufaa yake ikagonga mwamba. Mimi nasema bado. Tangu 2009 hadi 2012 alikuwa jenerali wa jeshi letu, FARDC, na nchi haijaelezwa ilikuwaje.

Serikali ilimjua. Mwaka 2004 Kinshasa yenyewe iliiomba ICC ichunguze maovu ya nchini mwetu. Hati ya kumkamata Ntaganda ikatolewa 2006 na kutangazwa hadharani Aprili 2008. Miezi michache baadaye akavishwa ujenerali, akawa anaishi Goma, mji mkubwa wa mashariki, bila kujificha.

Naye alikuwa na damu ya watu wa Ituri, kaskazini-mashariki mwa nchi, mikononi. Februari 2003, alipokuwa mmoja wa makamanda wakuu wa UPC, kundi la wapiganaji wa huko, watu wa kabila la Walendu waliitwa kijiji cha Sangi kwa mazungumzo ya amani. Walioitikia wito walikamatwa, na watu wakachinjwa katika shamba la migomba huko Kobu. Watoto wasiofika miaka 15 walibebeshwa bunduki. Wasichana miongoni mwao walibakwa na askari wa kundi lao wenyewe, na kila ninaposoma sehemu hiyo ya hukumu nashindwa kuelewa mtu aliyeongoza jeshi la namna hiyo alipigiwaje saluti na askari wa Jamhuri.

Tuliambiwa amani kwanza, haki baadaye. Amani ipi? Mwaka 2012 aliasi, kundi la waasi la M23 likazaliwa, na Novemba Goma ikaanguka mikononi mwao. Hata kukamatwa hakukamatwa: Machi 2013 alijipeleka mwenyewe ubalozi wa Marekani mjini Kigali.

Mheshimiwa, weka hadharani nyaraka za kumpandisha cheo, pamoja na majina ya waliozitia saini. Peleka bungeni sheria inayozuia mtu yeyote anayetafutwa kwa uhalifu wa kivita kupewa cheo jeshini, hata kama mkataba wa amani unadai hivyo. Tena lipo suala la fidia ya waathirika wake. Mwaka 2021 majaji waliikadiria kuwa dola milioni 30, wakakuta mfungwa hana kitu. Dola hizo zinatafutwa kwa wafadhili wa nje, ilhali hazina iliyomlipa mshahara wa jenerali ni yetu. Serikali ichangie, na iwaambie watu wa Ituri itatoa kiasi gani na lini.