Mganga Mkuu, kinyama cha mtoto wetu bado kiko dirishani

Mheshimiwa Mganga Mkuu wa Mkoa, shikamoo.

Naandika baada ya kuchoka kupiga simu. Jumatatu nimerudi hospitali, kile kichupa chenye kinyama alichokatwa mpwa wangu kikapimwe, chenye plasta iliyoandikwa jina lake kwa peni ya bluu, bado kiko palepale dirishani maabara. Wiki ya 5 hii. Gari la sampuli halina mafuta, ndo naambiwa.

Mtoto ana miaka 6. Alianza gego kucheza, zahanati wakang'oa, mara shavu likajaa mpaka jicho likaanza kusukumwa. Daktari kijana akatuambia wazi anahisi ni Burkitt, kansa ya chembe za kinga, ila hawezi kuanza dawa bila majibu. Na uvimbe huo mheshimiwa unaweza kuwa maradufu ndani ya siku moja au mbili, piga hesabu mwenyewe.

Bibi yake halali, anajilaumu eti alimtafunia chakula ndo kampa virusi vya ugonjwa huu. Nimemwambia bibi, virusi hivyo, Epstein-Barr, kweli vinapita kwenye mate ila karibu kila mtu anavyo, vinajificha kwenye chembe za kinga vinatulia zao. Sasa huku Kanda ya Ziwa malaria haikauki, kila ikipiga zile chembe zinahangaishwa zizaliane, siku zikikosea kukata na kuunga jeni, kipande cha kromosomu (uzi unaobeba jeni) ya 8 kinadandia ya 14, jeni inayoamuru chembe kuzaliana inawaka haizimiki, na virusi vinasaidia chembe mbovu isife. Hapo ndo kansa. Mi nadhani na neti zetu zilizochanika zimechangia, haya tuliache hilo.

Miaka ya 60 mwanzoni, Dk. Burkitt wa hospitali ya Mulago, Kampala, ndo kansa hii ina jina lake, alikuwa anapeleka vinyama vya watoto kama huyu London kwa ndege, na humo ndo virusi vikaonekana 1964. Kampala mpaka London! Sisi mpaka kunakopimwa ni masaa 3 ya lami tu, na lami yenyewe mlikuja kuizindua nyie, tukapiga makofi.

Februari ulisimama mbele yetu ukasema sampuli zitaondoka kila Ijumaa. Zimepita Ijumaa ngapi? Jana kaletwa binti mwingine, taya hivyohivyo, kachukuliwa kinyama, kichupa kimewekwa pembeni ya cha kwetu.

Dawa zipo, watoto wengi wanapona wakiwahi. Siombi jengo, siombi semina. Kama shida ni mafuta niambie lita ngapi, nitauza mbuzi. Kichupa kiondoke tu mheshimiwa. Vyote viwili. Kesho Ijumaa.

Ni mimi, mjomba wa mtoto.