Shangazi, malkia huyu aliomba talaka kwa hiari yake?

Shangazi, shikamoo.

Najua kwako huja wenye ndoa zinazowaka moto. Mimi nakuletea ndoa ya zaidi ya miaka 1,100 iliyopita, ya Wafranki. Naandika mchezo wa jukwaani kuihusu na nimekwama.

Mfalme ni Lothar II, aliyerithi mwaka 855 nchi iliyokuwa katikati ya Ufaransa na Ujerumani ya leo. Alikuwa na mwanamke wake, Waldrada, ambaye alimzalia mtoto wa kiume, Hugh. Lakini mwaka huohuo akamwoa Theutberga, kwa kuwa kaka wa bibi harusi, Hubert, alishika njia za milima ya Alpi. Ndoa ya hesabu tupu. Hesabu zilipogeuka, na mtoto hapatikani, bwana akataka kurudi kwa Waldrada. Ili aachane na mkewe, akamzushia jambo ambalo hata kuliandika naona haya: eti alilala na huyohuyo kaka yake kabla ya kuolewa.

Mwaka 858 shauri likapelekwa kwenye maji ya moto. Mtu aliyemwakilisha malkia akatumbukiza mkono katika maji yanayochemka, akautoa mzima, ishara kwao kwamba malkia hana hatia. Ungedhani yameisha. Thubutu! Mwaka 860, huko Aachen, Theutberga akakiri mbele ya maaskofu, kisha akatoroka akakimbilia kwa Charles, baba mdogo wa mumewe. Papa Nicholas I akamtetea mama huyu kwelikweli: mwaka 863 aliwavua vyeo maaskofu wakuu wa Cologne na Trier waliombeba mfalme, na mwaka 865 Lothar akalazimika kumrudisha mkewe.

Sasa mkwamo wangu. Mwaka 867 Theutberga mwenyewe alimwomba Papa ndoa ivunjwe, akisema hazai. Papa alikataa, akaamini kwamba ametishwa.

Dada anayemwigiza malkia hataki kusikia habari za vitisho. Anasema mwanamke aliyepitia yote hayo amechoka, aachwe aseme kwa kinywa chake. Anayemwigiza Waldrada naye kaninunia, ati nampendelea mke wa ndoa na kumfanya mwenzake shetani, ilhali ndiye aliyetangulia na mwanawe ndiye aliyekosa urithi. Hapo ana haki kidogo. Lothar alikufa kwa homa Piacenza mwaka 869, na mwaka uliofuata baba zake wadogo wakagawana nchi yake, Hugh akitazama.

Mimi naelemea upande wa Papa, maana kukiri kwa 860 kulikwisha kuninyima imani na kila neno linalotoka kwa Theutberga mumewe akiwa karibu. Lakini wewe umesikiliza wanawake wengi wakiomba talaka. Aliyechoka na aliyelazimishwa unawatofautishaje: kwa maneno wanayochagua, au kwa yale wanayoyaruka? Na je, nimweke Lothar jukwaani wakati barua inaandikwa, au nimwache mama peke yake na karani?

Mwandishi wa michezo,
Morogoro