Usizifute, Zuhura

Clarkston, Georgia
Jumapili usiku

Zuhura shoga yangu,

Assalaam alaykum. Za siku nyingi? Huku sote wazima, baridi imepungua, watoto wanakwenda shule, baba yao yuko zamu ya usiku ndiyo maana nimepata nafasi. Nisamehe kwa kimya cha wiki tatu. Sauti zako zote nne nilizisikiliza siku ileile ulipozituma, nikiwa kwenye basi natoka kazini, nikashuka kituo kisicho changu kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka mbele za watu. Tangu hapo kila nikishika simu nikujibu naona maneno hayatoshi. Nimeona nikae niandike, kama tulivyokuwa tukiandikiana ulipokuwa chuoni Korogwe.

Kwanza hili kabla ya yote: zile meseji za vitisho usizifute. Umesema za mwanzo umeshazifuta. Basi, zilizobaki usiziguse, hata ile inayomtaja mwanao Nasri na shule yake. Hiyo ndiyo hasa usiiguse. Najua inakuchoma kila ukifungua simu. Mpe Kombo azihamishie kwake, wewe usizione, lakini zibaki.

Nitakwambia nimelitoa wapi. Kuna mzee ninayemhudumia kazini, namwogesha, namnywesha dawa, jioni namsomea gazeti. Siku ile aliniona macho yamevimba, akaniuliza. Nikamwambia nina rafiki Tanga, ni refa, ametoa penalti dakika ya 88 kwenye mechi ya wanaume, na sasa watu wanamwandikia kwamba watamkata mguu. Mzee alinyamaza kidogo. Hakuuliza kama penalti ilikuwa halali. Aliuliza, "Anazihifadhi hizo barua?" Halafu akaanza kunisimulia habari za Hank Aaron, na jioni hiyo gazeti halikusomwa.

Hank Aaron alikuwa mcheza besiboli. Najua huujui mchezo huo, hata mimi nimeuelewa juzijuzi. Kumbuka rede: yule mrushaji shabaha yake ni wewe. Huku mrushaji anataka mpira ukupite wewe uliyesimama na rungu, usiuguse. Unakuja kasi kuliko pikipiki, na una muda wa kupepesa jicho tu. Ukiupiga ukavuka uzio wa uwanja, hiyo ndiyo homurani. Unazunguka vituo vyote vinne kwa raha zako na hakuna wa kukugusa.

Alizaliwa mwaka 1934 mjini Mobile, jimbo la Alabama, familia ya watoto wanane, kipato kidogo. Utotoni alikuwa akipiga vizibo vya chupa kwa fimbo. Hakuwa na wa kumfundisha, kwa hiyo alishika rungu kinyume, mkono wa kushoto juu ya wa kulia, na bado mipira ilikuwa inaruka. Mwaka 1952 alichukuliwa na timu ya weusi iliyoitwa Indianapolis Clowns. Walipofika Washington wakaingia mgahawani kula, wakahudumiwa, wakamaliza, na wakiwa bado pale wakasikia jikoni sahani walizolia zinavunjwa moja moja. Zuhura, alikuwa na miaka kumi na minane. Mzee aliponisimulia hilo nilikuwa nimeshika sahani yake ya chakula mkononi, nikaiweka mezani polepole.

Mwaka 1954 aliingia ligi kuu na timu ya Braves, wakati huo ikiwa Milwaukee, kwa sababu mchezaji mwingine alivunjika kifundo cha mguu. Mwaka 1957 walichukua ubingwa na yeye akawa mchezaji bora wa ligi yake. Timu ikahamia hapa Atlanta mwaka 1966. Jambo ninalolipenda kwake ni kwamba hakuwahi kuwa na msimu wa kutisha. Wengine walifikisha homurani hamsini na zaidi kwa mwaka, yeye mwaka wake mkubwa kuliko yote ulikuwa 47. Lakini misimu ishirini mfululizo hakushuka chini ya ishirini. Hakuwa na mwili wa kutisha, wanasema nguvu zake zote zilikuwa kwenye vifundo vya mikono. Anasimama kama mtu anayesubiri daladala, halafu mikono inazunguka mara moja, mpira umekwenda.

Sasa sikiliza. Rekodi ya homurani ilikuwa 714, ya Mzungu mmoja aitwaye Babe Ruth, aliyestaafu mwaka 1935. Kwa watu wengi huku huyo ni zaidi ya mchezaji. Msimu wa 1973 ulipoisha, Aaron alikuwa na 713. Moja kufikia, mbili kuvunja, na ligi imefungwa mpaka Aprili. Akakaa kipindi chote cha baridi akisubiri, na barua zinaingia. Mwaka huo alipokea barua kama 930,000. Nyingi za kheri, lakini nyingi pia za matusi ya rangi, za kumwambia atapigwa risasi akiingia uwanjani, siku fulani, mji fulani. Binti yake alikuwa chuo kikuu Nashville, zikaja habari za kumteka, ikabidi maofisa wa FBI wakamlinde hukohuko chuoni.

Alipofika hapo nilimwambia mzee asimame kidogo. Ni yaleyale, Zuhura. Miaka hamsini imepita, bahari iko katikati, na mtu anayetaka kukuvunja bado anaanzia kwa mtoto wako.

Mama Salma amenipigia, anasema amekushauri upuuze, uvumilie, yatapita. Simlaumu, anakupenda. Lakini sikubaliani naye hata kidogo, na nataka uelewe kwa nini. Watu wakimsifu Aaron wanasema alivumilia kimya. Si kweli kwamba alikaa kimya. Barua zile alizisema hadharani, kwa waandishi wa habari, na zilipojulikana ndipo mafuriko ya barua za kumtia moyo yalipoanza, hata kutoka kwa watoto wa shule. Na hakuwa peke yake. Alikuwa na katibu wake, Carla Koplin, aliyefungua barua hizo na kuzichambua, za vitisho akazitenga zikaenda kwa wapelelezi. Alikuwa na askari wa Atlanta, Calvin Wardlaw, aliyemfuata kila mahali. Alilala hoteli tofauti na wenzake kwa jina lisilo lake. Huo si uvumilivu wa kukaa ndani na kulia. Ni mtu anayejua yuko hatarini, amepanga watu wa kumzunguka, halafu anaingia kazini.

Usiku wenyewe ulikuwa tarehe 8 Aprili 1974. Siku nne kabla, kule Cincinnati, alikuwa ameshafikisha 714. Uwanjani Atlanta waliingia watu 53,775, na mzee wangu alikuwa mmojawapo, juu kabisa, kijana wa miaka ishirini na kitu. Mrushaji alikuwa Al Downing wa Dodgers, mweusi naye, mgongoni namba 44, na Aaron naye 44. Kipindi cha nne, mpira ukaja, rungu likazunguka, ukavuka uzio wa kushoto. Aliyeudaka nyuma ya uzio ni mwenzake wa timu, Tom House, akakimbia nao kumpelekea.

Lakini mimi kinachonikaa kichwani ni kitu kingine. Wakati Aaron anazunguka vituo, vijana wawili wa Kizungu waliruka kutoka kwa watazamaji wakamkimbilia kwa nyuma. Yule askari Wardlaw alikuwa jukwaani, na kwenye mkoba wa darubini alikuwa na bastola. Barua zote zile zimesema watampiga uwanjani, na hawa hapa wawili wanamkimbilia. Alikuwa na sekunde mbili, tatu. Akawatazama, akaona ni furaha tu, hakuitoa. Wakampigapiga Aaron mabegani, wakakimbia zao. Nilipousikia uamuzi ule nilikukumbuka wewe, jinsi unavyosema refa haamui kwa kelele za watu bali kwa kile jicho lake limeona. Mama yake Aaron, Bi Estella, alishuka uwanjani akamkumbatia asimwachie. Na Aaron alipopewa kipaza sauti hakujisifu. Alimshukuru Mungu kwamba limekwisha.

Unaona? Limekwisha. Mtu amefikia alipofikia, na anachoshukuru ni kwamba sasa anaweza kulala. Hilo linaniuma hadi leo.

Aliendelea mpaka 1976 akamalizia na homurani 755. Ukizitoa zote hizo, mipira mingine aliyopiga vizuri akafika kituoni bado inazidi 3,000. Amefariki hapa Atlanta Januari 2021, ana miaka 86. Na zile barua mbaya, Zuhura, hakuzichoma. Miaka arobaini baada ya usiku ule bado alikuwa nazo.

Mwaka juzi nilipita pale palipokuwa na uwanja. Ulibomolewa mwaka 1997, pakawa maegesho ya magari. Wameacha kipande cha uzio mahali mpira ulipovukia, na namba 715 na tarehe. Wakati ule sikujua maana yake, nilisimama hapo kumfunga mtoto kamba za viatu.

Turudi kwako. Nenda polisi, dawati la jinsia na watoto, uchukue RB, ile namba ya taarifa yako, uende na meseji zimeshachapwa kwenye karatasi. Nimemtumia Kombo elfu hamsini ya kuchapisha na nauli. Usiende peke yako, nenda na Kombo na mmoja wa wale marefa wenzako, na asubuhi Nasri asindikizwe shule na mtu mzima mpaka hili litulie. Viongozi wa chama cha marefa uwaambie kwa maandishi, wasije wakasema hawakujua. Na filimbi usiirudishe sasa. Ukiamua mwakani umechoka, unataka kulea na kuuza vitenge vyako, nitakuunga mkono kwa moyo wote. Ila uamuzi huo uufanye siku ambayo hakuna mtu anayekutishia.

Nina maswali mengi. Unalala? Unakula? Nasri anajua lolote, au mmemficha? Namba zinazotuma ni ngapi, ni zilezile au zinabadilika? Yule kocha aliyekutukana mbele ya watu amesema nini baadaye, ameomba radhi? Mechi yako nyingine ni lini, na nani watakuwa washika vibendera wako? Mama mguu wake unaendeleaje? Na ile penalti, niambie ukweli kwa sababu mzee sasa ameanza kuuliza: yule mchezaji aliunawa mpira kwa mkono wa kulia au wa kushoto?

Nitapiga Jumamosi saa mbili usiku ya kwenu, uwe karibu na simu. Mzee anaomba picha yako ukiwa na jezi na filimbi. Amesema nimchapishie kubwa, aibandike ukutani karibu na kitanda.

Nakupenda sana.

Shoga yako,
Mwanaidi